Rangi si Upepo

Nitaanza kwa kukiri, kwani mtu anayetaka kuwagombeza wenzake ni bora ajigombeze mwenyewe kwanza. Mwaka 2017 nilikosea hesabu ya upepo, na waliolipa kosa langu hawakuwa wahandisi wala maprofesa. Walikuwa watoto wa chuoni, wenye juzuu mikononi na jasho shingoni, hapa hapa mtaani kwetu Kiembe Samaki.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa ufundi wa majokofu na viyoyozi. Kwa miaka mingi nilishughulika na hewa: kuipoza, kuisukuma, kuitafutia njia. Tena mtu wa Kiembe Samaki hana haja ya kufundishwa kuwa upepo una tabia. Njia ya ndege ya uwanja wetu imelazwa kaskazini na kusini. Ncha moja imeandikwa 18 na ya pili 36, maana yake nyuzi 180 na nyuzi 360 za dira. Ndege hupenda kuruka na kutua zikiukabili upepo. Kwa hiyo siku za kaskazi, tangu Disemba hadi Machi, kwa kawaida tunaziona zikitua kwa kutokea kusini. Upepo wa kusi ukishika, zinageuza. Mtoto wa mtaani kwetu hujua msimu kwa kutazama matumbo ya ndege.

Basi mtu kama mimi, aliyezaliwa chini ya upepo na kuzeekea kwenye hewa, alikuwa na udhuru gani wa kukosea? Hana. Na nilivyokosea ndivyo wanavyokosea vijana wengi leo, tena wakifundishwa kukosea na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana naandika.

Iko elimu ya kukokotoa mwendo wa maji na hewa kwa kompyuta. Wenyewe huiita kwa herufi tatu, CFD. Maana yake si ngumu. Unachukua nafasi ambayo maji au hewa inapita, iwe mrija, chumba, mtaro au bandari, unaikata vipande vidogo kama wavu wa mvuvi, na kwa kila tundu la wavu huo unaandika hesabu: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka, nani amemsukuma nani. Kisha kompyuta inazifanya hesabu hizo kwa pamoja, mara maelfu na maelfu. Mwishoni inakuchorea picha. Penye kasi panakuwa pekundu, penye utulivu panakuwa buluu, na baina yao kijani na manjano. Ni picha za kupendeza sana. Hapo ndipo ilipo fitina yake.

Nilihudhuria warsha moja ya siku tatu, ambayo sitaitaja. Siku ya kwanza tulifundishwa kufungua programu. Siku ya pili tulifundishwa kubonyeza. Siku ya tatu kila mmoja wetu aliondoka na picha ya rangi na karatasi ya kuhudhuria. Hakuna aliyetuuliza hata mara moja: jibu lako ni la kweli? Utajuaje?

Nikarudi mtaani nimevimba kichwa. Na kama bahati mbaya ilivyo na miguu, wazee walikuwa wanachanga fedha kujenga darasa jipya la chuo. Jirani wa upande wa kusini alitaka sitara ya ua wake, na ni haki yake. Swali likawa: tukiziba madirisha upande wa kusini, watoto watapata hewa? Nikasema, niachieni mimi.

Nikachora darasa katika kompyuta. Nikaweka madirisha makubwa matatu upande wa kaskazini, na upande wa kusini nikaacha vitundu viwili vidogo karibu na paa. Nikavumisha upepo. Picha ikatoka, nyekundu na manjano ikizunguka darasani kama khanga ya harusi. Nikaipeleka barazani. Wazee wakasema mashallah. Mwashi mmoja tu, mtu wa makamo asiyejua hata kuiwasha kompyuta, aliinama akaitazama picha muda mrefu, kisha akaniuliza: “Fundi mwenzangu, hewa hii ikishaingia, inatokea wapi?”

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele za watu. Nikamwambia, “Kompyuta imeshakwisha kuona hayo.”

Darasa likajengwa. Mwezi wa Machi uliofuata, siku moja ya joto, mtoto wa miaka saba alizimia katikati ya somo. Alizinduka, alhamdulillahi, akapewa maji, na jioni alikuwa anacheza. Lakini mama yake alinitazama msikitini penye mlango wa wanawake, na mpaka leo ninapopita nyumba ile hutazama chini.

Nilirudi kwenye kompyuta nikajisomea kosa langu mwenyewe kama kadhi anavyosoma mashtaka. Nilikuta makosa matano. La kwanza, darasa langu la kwenye kompyuta lilisimama peke yake jangwani. Nyumba ya jirani wa kaskazini, iliyo hatua chache tu na inayoukata upepo, sikuichora. La pili, nilivumisha upepo wa mita 5 kwa sekunde, ulionyooka, usiopumzika, ambao haujapata kuvuma katika uchochoro wowote wa Unguja. La tatu, sikutia joto: si la bati juani, wala la miili ya watoto arubaini. La nne, wavu wangu ulikuwa na matundu makubwa hata dirisha zima lilikuwa matundu matatu tu. La tano, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, sikuingoja hesabu itulie. Niliikata njiani kwa sababu rangi zilikuwa zimeshapendeza.

Hakuna hata kosa moja katika hayo ambalo kompyuta ilinionya. Kompyuta ni mtumwa mtiifu. Ukimwambia akuchoree uongo atakuchorea, tena kwa rangi nzuri.

Yule mwashi ndiye aliyetuokoa. Aliubomoa ukuta wa kusini sehemu ya juu akaweka matofali ya matundu, yaliyopangwa juu ya kimo cha macho, hewa ipite na jicho lisipite. Alipomaliza aliwasha chetezo, akatia ubani, akakiweka chini ya dirisha la kaskazini. Moshi ukaingia, ukapanda, ukatokea kusini. Hakusema neno. Fedha zilizolipia kazi ile zilikuwa zimechangwa kwa ajili ya mikeka na misahafu.

Sasa msomaji wangu atafikiri nataka kusema kuwa chetezo ni bora kuliko kompyuta, turudi kwa wazee na tuzichome mashine. La, hasha! Simo katika kundi hilo, nalo nitaligombeza pia. Ninachosema ni kimoja tu: anayeanza elimu hii asianze na picha. Aanze na jibu analolijua. Na mwalimu anayemwanzisha mwanafunzi kwa picha anamdhulumu, na anawadhulumu wale watakaokaa ndani ya majengo ya mwanafunzi huyo.

Swali la yule mwashi, hewa ikiingia inatokea wapi, ndiyo sheria ya kwanza ya elimu yote hii. Kinachoingia lazima kitoke, au kirundikane. Wenye vitabu wameiandika kwa alama za hisabati, naye aliijua kwa mwiko na pima maji. Sheria ya pili ni ile ya Newton: kitu hubadili mwendo wake kwa kadiri kinavyosukumwa. Claude-Louis Navier, mhandisi wa Kifaransa, aliiandikia maji mwaka 1822, na George Gabriel Stokes akaiweka sawa mwaka 1845. Kila tone husukumwa na kanieneo ya majirani zake, huvutwa na mnato wao, na hubebwa na uzito wake. Ndiyo milinganyo ya Navier na Stokes. Mtu asikutishe nayo. Ugumu wake ni mmoja: maji hujibeba yenyewe. Kasi inazidishwa na kasi, na katika kuzidishana huko ndimo unamozaliwa msukosuko.

Lakini kabla ya msukosuko, anza na asali. Chukua vibao viwili, tia asali baina yake. Kibao cha chini kimetulia. Cha juu kinavutwa kwa kasi ya milimita 100 kwa sekunde. Je, asali iliyo katikati inakwenda kwa kasi gani? Gawa unene wa asali mafungu manne yaliyo sawa. Utapata mistari mitano: wa chini una 0, wa juu una 100, na mitatu ya kati huijui. Hesabu ikishatulia, kila tabaka linavutwa sawa na la juu yake na la chini yake, kwa hiyo kasi yake ni wastani wa majirani wake wawili. Basi.

Anza kwa kukisia kuwa yote matatu ni 0. Sasa kwa kila tabaka chukua wastani wa majirani, ukitumia nambari za duru iliyopita. Duru ya kwanza, toka chini kwenda juu, utapata 0, 0, 50. Ya pili: 0, 25, 50. Ya tatu: 12.5, 25, 62.5. Ya nne: 12.5, 37.5, 62.5. Ya tano: 18.75, 37.5, 68.75. Ya sita: 18.75, 43.75, 68.75. Endelea, na nambari zitajongea taratibu kwenye 25, 50 na 75, ambazo ndizo jibu la kweli, mstari ulionyooka toka 0 hadi 100.

Msomaji, chukua kalamu ufanye. Usinisome tu. Ukizifanya duru kumi kwa mkono wako utakuwa umejifunza mambo matatu ambayo mimi sikuyapata katika siku tatu za warsha. Kwanza, kompyuta haijui jibu. Inakisia, inasahihisha, inakisia tena. Pili, ukisimama duru ya tatu unapata nambari, na nambari hiyo ina sura ya ukweli, lakini ni uongo: 12.5 badala ya 25 ni nusu ya ukweli. Mimi na darasa langu la chuo tulisimama duru ya tatu. Tatu, umejua kuwa ni uongo kwa sababu tu jibu la kweli ulikuwa nalo. Usingekuwa nalo, ungelipaka rangi ukalipeleka barazani.

Baada ya asali, ingia kwenye sanduku. Iko programu ya bure iitwayo OpenFOAM, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2004, na zoezi lake la kwanza ni sanduku la mraba lenye ubavu wa mita 0.1, limejaa kimiminika, na kifuniko chake kinateleza kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde. Sanduku limekatwa vipande 20 kwa 20, yaani vichumba 400. Wengi hulifanya zoezi hili kwa dakika tano, wakaona duara zuri la maji, wakalipita kama gari linavyopita kituo kisicho na abiria. Mimi nasema kaa humo mwezi mzima.

Kaa uulize: kwa nini hatua ya saa iliyowekwa humo ni sekunde 0.005? Jibu lilipatikana kabla kompyuta hazijazaliwa. Mwaka 1928 Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kuwa kwa hesabu za aina hii habari isiruke zaidi ya kichumba kimoja katika hatua moja. Kichumba chetu kina mita 0.005, kasi ni mita 1 kwa sekunde. Gawa, unapata sekunde 0.005. Umeielewa? Basi jipime: upepo wa mita 2 kwa sekunde, kichumba cha sentimita 10, hatua isizidi ngapi? Sekunde 0.05. Ukizidisha, hesabu huweza kulipuka, nambari zikakua bila mpaka, na hapo kompyuta angalau inakuwa mkweli. Hatari ni ile hesabu isiyolipuka.

Kaa uulize tena: nikikata vichumba 40 kwa 40 badala ya 20 kwa 20, jibu linabadilika? Likibadilika, lile la kwanza halikuwa jibu. Kata 80 kwa 80. Endelea mpaka jibu lipuuze ukubwa wa matundu. Mvuvi anajua: ukubwa wa tundu la wavu ndio unaochagua samaki. Anayevua na juya la matundu mapana asije pwani akatangaza kuwa bahari haina dagaa.

Kisha linganisha na watu. Mwaka 1982 Ghia na wenzake wawili walichapisha majedwali ya sanduku hili hili, yaliyokokotwa kwa uangalifu mkubwa, na wahandisi wa dunia nzima hujipimia hapo. Punguza mnato wa zoezi lako hata nambari ya Reynolds iwe 100, chora kasi katika mstari wa katikati, na uweke nambari zako kando ya zao. Zikilingana, umeanza. Siku hiyo, na si kabla, nenda kanunue kahawa na kashata uwaambie watu kuwa unajifunza CFD.

Nimetaja nambari ya Reynolds. Osborne Reynolds, mwaka 1883, huko Manchester, alipitisha maji katika mrija wa kioo akatia uzi wa rangi katikati. Mwendo ukiwa mdogo, uzi ulinyooka. Ukizidi, uzi ulivunjika ukatapakaa. Aligundua kuwa linaloamua ni kasi mara upana, kugawa kwa mnato. Katika mrija mabadiliko huanza karibu na 2,000. Asali yetu ya vibao, ikiwa na unene wa sentimita moja, haifiki hata 1. Na upepo mwanana wa mita 2 kwa sekunde upitao mlango wa mita 1? Mnato wa hewa katika hesabu hii ni kama 0.000015, gawa, utapata zaidi ya 130,000. Yaani kila mlango wa Mji Mkongwe una msukosuko ambao hakuna kompyuta ya nyumbani itakayoufuata kizingia kwa kizingia. Kwa hiyo programu hukisia. Ina kanuni za kukadiria msukosuko, nyingi zimetokana na kazi za miaka ya 1970, nazo ni nzuri mahali pake na mbovu pasipo pake. Mimi nilibonyeza moja kwa sababu ilikuwa ya kwanza katika orodha. Uliza wenye warsha ni wangapi wanaoweza kukwambia kwa nini walichagua ya kwao.

Sasa nageukia wanaonipinga, kwani wapo, na mmoja wao anakula sahani moja nami. Ni mtoto wa dada yangu, kijana mwerevu kuliko mimi, anasoma uhandisi. Juzi ameniambia: “Mjomba, haya yako ya kalamu yatawakimbiza watu. Kijana akianza na asali na wastani, wiki ya pili hayupo. Mpe picha kwanza aipende, elimu itafuata. Wewe mwenyewe uliipenda kwa picha.”

Sitaki kumdharau, maneno yake yana ukweli ndani yake. Mapenzi huanza kwa jicho, na mimi kweli niliingia kwa mlango huo. Lakini namjibu hivi. Tunapomfundisha mtoto kuogelea hatumpi kwanza picha ya yeye akiogelea. Kijana anayekimbia kwa sababu ya duru kumi za wastani hajaikimbia elimu hii. Ameikimbia kazi, na ni bora akimbie sasa kuliko baada ya kuchora gati. Na aliyeipenda picha tu, mapenzi yake ni kwa picha. Mpe picha, mjomba wangu, sikatai, lakini siku ile ile mpe na swali la mwashi.

Wapo wengine, watu wazima hawa, wasemao kuwa kompyuta na programu zimeshakuwa hodari, mtu hana haja ya kujua kilichomo ndani, kama vile dereva asivyohitaji kujua injini. Mfano huo ni mbovu. Dereva gari likikosea njia anaona. Macho yake ni shahidi wa nje. Wewe na picha yako shahidi wako ni nani? Ikiwa ni picha yenyewe, basi mshitakiwa ndiye hakimu.

Na wapo wa kundi la tatu, wanaosema elimu hizi si zetu, zisubiri maabara kubwa na misaada. Hawa ndio wanaonikera zaidi, kwani wana heshima ya watu. Nambari zile za asali zinataka ukurasa mmoja wa daftari. Lewis Fry Richardson alikokotoa hali ya hewa ya Ulaya kwa kalamu, nyingine katika vita vikuu vya kwanza alipokuwa Ufaransa akihudumia magari ya wagonjwa. Jibu lake lilisema kanieneo ya hewa ingebadilika milibari 145 katika saa sita, wakati kipimo cha kweli hakikutikisika karibu chochote. Kosa la kuchekesha! Alilificha? Alilichapisha mwaka 1922, ndani ya kitabu chake, mbele ya dunia yote. Na kwa kuwa alilichapisha, wengine waliweza kulitafuta kosa: vipimo vyake vya mwanzo havikuwa vimesawazishwa. Peter Lynch wa Ireland alikuja kuirudia hesabu ile kwa kuvisawazisha kwanza, na ikatoa jibu la kuaminika. Kutokana na kazi ya kina Richardson, mwaka 1950 kompyuta ENIAC ilitoa utabiri wa kwanza wa kompyuta, na leo mvuvi wa Kizimkazi anasikia redioni upepo wa kesho. Hakuwa na kompyuta yule bwana. Alikuwa na kalamu na uso wa kukubali aibu. Cha pili ndicho kigumu kupatikana.

Ninajua kuwa watu wa visiwa hivi wakisikia maji na upepo hukumbuka mambo mazito. Hatujasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 na meli ya Spice Islander, wala tarehe 18 Julai 2012 na Skagit karibu na Chumbe. Niliwahi kumsikia mtu, katika kuisifu elimu hii, akisema tungekuwa na CFD watu wale wasingekufa. Nilimwomba anyamaze. Spice Islander ilipakia watu kupita kiasi chake, na kwa jambo hilo kuhesabu vichwa gatini kunatosha. Kuwatumia maiti kuuza programu ni rangi mbaya kuliko zote. Elimu hii ina kazi zake za haki huku kwetu: madarasa yenye joto, maji machafu yanayomwagwa baharini na mkondo unaoyarudisha ufukweni, mchanga unaoliwa pwani, vichochoro vya Mji Mkongwe vilivyojengwa na watu waliojua kivuli na pepo. Kazi hizo zinatosha bila kudai na zisizo zake.

Wazee wa chombo walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi nimekwenda tezi na omo za programu, nikabonyeza kila kitufe, na nimerejea ngamani, mahali ambapo maji huingia kimya kimya: kinachoingia kinatokea wapi? Kila mara ninapofungua hesabu mpya, kabla sijatazama rangi yoyote, najumlisha kilichoingia na kilichotoka kwa kalamu. Visipolingana, naifunga mashine nikalale.

Mwaka jana wazee walinifuata tena. Wanataka chumba cha pili. Nimewaambia nitakikokotoa, lakini kwa sharti: nyumba za majirani zichorwe zote, hesabu irudiwe kwa wavu wa aina tatu, joto la bati litiwe, na karatasi yangu ikaguliwe na mtu wa kwanza aliyenishinda. Nilikwenda kwa yule mwashi nyumbani kwake, nikaketi kwenye kibaraza chake, nikamwomba radhi kwa kile kicheko. Alinimiminia kahawa. Akaniambia, “Fundi mwenzangu, niletee hiyo karatasi. Na chetezo ninacho.”